Tela la baiskeli limechoka: upige viraka, ubadili magurudumu, au uunde upya?

Tela likianza kufa huwa halisemi. Linalia nyii nyii upande mmoja, unatia grisi, linanyamaza wiki mbili, halafu siku unatoka mashine ya kukoboa na magunia mawili ya mchele unasikia kaa! na gurudumu la kushoto limelala chini kama mbuzi aliyegoma kutembea. Hilo lilinikuta hapa Ifakara, mchana wa jua kali, watu wanapita wanatoa pole na wengine wanacheka.

Nikazunguka kwa mafundi watatu, nikapata majibu matatu. Wa kwanza: "Lete hapa, nachomelea dakika kumi unaondoka." Wa pili akaniambia niachane kabisa na magurudumu ya baiskeli, niweke ya pikipiki. Wa tatu hakusema kitu kwanza, akachukua nyundo akagonga fremu chini, akatikisa kichwa: "Kaka, chuma hiki kimeshakuwa biskuti. Tuunde lingine." Sasa shida ni kwamba wote watatu walikuwa sahihi, ila kila mmoja alikuwa anazungumzia tela tofauti, na mwenye tela ndiye inabidi ajue lake ni lipi.

Hapa nikisema tela namaanisha lile kasha la magurudumu mawili linalofungwa nyuma ya baiskeli. Siyo guta. Guta lina pedeli na usukani wake, ingawa mambo mengi ya fremu na ekseli hapa chini yanaingia hata kwenye guta.

Vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni ugonjwa uko wapi, maana nimeona watu wanapaka rangi mpya na kubadili mbao za sakafu wakati ekseli imepinda kama upinde. Toa mbao zote, pindua tela miguu juu, sugua kwa brashi ya waya. Gonga bomba za chini kwa nyundo ndogo, chuma kizima kinalia ting, kilichooza kinatoa sauti nzito ya kufa, hapo chukua bisibisi ukandamize, ikizama ujue. Nyufa zitafute pembeni ya sehemu zilizochomelewa, mara nyingi zinaonekana kama uzi wa kahawia wa kutu juu ya rangi. Halafu shika tairi kwa juu ulisukume huku na huku, likigonga kok kok ni koni (vile vinati vya kubana gololi) au gololi zimekwisha. Ekseli ichomoe uiviringishe juu ya kipande cha kioo, ikicheza imepinda. Na tairi likilika upande mmoja tu, pima kwa futi umbali kati ya matairi mawili kwa mbele kisha kwa nyuma, ukikuta tofauti ya sentimita nzima basi magurudumu yanaburuzwa siku zote, ndiyo maana unafika umechoka kuliko mzigo wenyewe.

Cha pili, mzigo. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20 na kitu, kwa hiyo madumu sita umeshavuka kilo 120 bila kuhesabu tela. Anayebeba lumbesa za mpunga hahitaji kuambiwa. Aina ya mzigo nayo ina maneno yake: chumvi, dagaa na mbolea vinakula chuma haraka kuliko mvua.

Tatu, njia unayopita, lami, mchanga, au hili tope letu la masika linaloganda kwenye spoku kama ugali. Nne, fundi na spea zilizo karibu na wewe, maana tela zuri lenye spea zinazopatikana Dar tu ni mapambo. Na tano ni siku ngapi unaweza kukaa bila tela, pamoja na hela, lakini hela ihesabu ya mwaka mzima siyo ya leo tu, kwa sababu viraka vitano vya bei poa mwisho wa siku vinaweza kuzidi kazi moja ya maana.

Njia ya kwanza: viraka, yaani kuchomelea na kubadili vilivyokufa

Gharama na muda. Ndiyo rahisi kuliko zote kwa leo. Fundi akiwa na umeme na hana foleni, asubuhi unapeleka jioni unachukua.

Ila sasa ubora wa kiraka uko kwenye maandalizi na hapo ndipo mafundi wengi wanatupiga. Kuchomelea juu ya kutu na rangi ni kama kubandika plasta kwenye jasho. Lazima grinda ipite mpaka chuma king'ae. Ufa wenyewe utobolewe katundu kadogo kama milimita 3 pale unapoishia, ili usiendelee kutembea, kisha ndiyo uzibwe na kuwekwa bamba juu. Bamba lisikatwe mraba likaishia mkato mmoja kuzunguka bomba, likatwe kwa mshazari au ncha kama almasi, maana likiishia mraba miezi michache ufa mpya unatokea pale pale pembeni ya bamba. Kwa bomba jembamba mwambie atumie fimbo za kuchomelea za milimita 2.5, akija na fimbo nene atakutobolea mashimo halafu aseme chuma chako kibovu.

Kingine, matela mengi yametengenezwa na bomba za maji za gavanaizi. Zile zikichomwa zinatoa moshi mweupe, ukiuvuta usiku unapata homa na baridi kama malaria vile. Isagwe ile ngozi ya nje kwanza, na kazi ifanyike nje penye upepo. Matairi yatolewe. Na ile koleo ya waya wa ethi wa mashine ibane kwenye fremu karibu na pa kuchomea, isibane kwenye gurudumu, umeme ukipita kwenye gololi unaziharibu.

Mzigo na njia. Kiraka kinakurudisha ulipokuwa, hakikuongezei nguvu. Kama tela lilikuwa linabeba kilo 80 kwa raha, usitegemee 150. Na kama magurudumu yako yameshikwa upande mmoja tu, ekseli inachomoza nje kama mkono, basi itapinda tena hata ukibadili mara kumi, kwa sababu habu ya baiskeli, ile sehemu ya katikati ya gurudumu, imeundwa kushikiliwa pande zote mbili. Kwenye kiraka hicho hicho mwambie fundi akuongezee chuma cha nje cha kushika ncha ya pili ya ekseli, hiyo kazi ndogo tu inabadilisha maisha.

Spea na fundi. Hapa ndiyo raha yake, spea za baiskeli ziko kila gulio. Gololi badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na zilizolika, habu ya nyuma kwa kawaida inachukua gololi 9 za robo inchi kila upande. Ukiangalia hizi baiskeli nyeusi za ringi 28, gurudumu la mbele mara nyingi lina spoku 32 na ekseli nyembamba ya kama milimita 8, la nyuma lina spoku 40 na ekseli ya karibu milimita 9.5. Tela lako likiwa limefungwa magurudumu ya mbele mawili, na ndivyo wengi tunavyofanya kwa sababu yanapatikana bure kwenye baiskeli zilizokufa, tafuta ya nyuma. Hautajuta.

Inamfaa nani. Mwenye ufa mmoja au miwili, fremu iliyobaki inalia ting, mizigo ya wastani, na asiyeweza kulala siku mbili bila tela. Pia aliyeko mbali na umeme, huko hata bila mashine unaweza kufunga flatibaa mbili, yaani vyuma bapa, na bolti juu na chini ya ufa kama mganga wa jadi anavyofunga mguu uliovunjika, ukasukuma wiki mbili. Lakini usijisahau hiyo ikawa ya miaka miwili. Mimi nilijisahau.

Njia ya pili: fremu ibaki, magurudumu yawe ya pikipiki

Gharama na muda. Inategemea kabisa kama unapata magurudumu ya mtumba. Zunguka gereji za bodaboda, ringi iliyopinda kidogo ambayo dereva hawezi kuitumia kwa spidi ya pikipiki kwako wewe unayetembea taratibu bado ni mali. Tairi lililoisha kashata, yaani yale meno yake, pia linafaa, ila lisiwe limeonesha nyuzi. Hesabu siku mbili tatu kwa sababu masikio ya kushika ekseli lazima yakatwe na kutengenezwa mapya.

Mzigo na njia. Kwenye kubeba, hapa hamna mjadala, gurudumu lililozoea pikipiki na watu watatu haliogopi madumu yako. Tairi pana, 2.75 au 3.00, halizami kwenye mchanga kama lile jembamba la baiskeli. Mwiba unaokuua na baiskeli hapa mara nyingi haufiki kwenye tyubu.

Lakini kuna mambo hayasemwi dukani. Moja, uzito, utausikia kwenye kuanza kuondoka na kwenye mlima, hasa tela likiwa tupu unajiuliza ninavuta nini. Punguza kwa kutoa sproketi (lile gia la mnyororo) na vyuma vyote visivyo na kazi. Mbili, kimo: gurudumu la baiskeli la inchi 28 ni refu, la pikipiki la ringi 17 pamoja na tairi lake ni kama inchi 22 na nusu, kwa hiyo tela zima linashuka karibu inchi 3. Mkono wa kuvutia unabaki umeinama vibaya, mzigo unaelemea nyuma, na chini kunakwangua kwenye matuta ya njia. Fundi asipoinua masikio ya ekseli na kurekebisha mkono ujue amefanya nusu kazi. Na gurudumu fupi kwenye shimo linaingia zaidi kuliko refu, utasikia mtikisiko.

Tatu ndiyo linanitisha: ukishajua magurudumu hayavunjiki unaanza kupakia, kila siku kidumu kimoja zaidi, halafu kinachovunjika ni kiungo au fremu ya baiskeli yenyewe. Na breki je? Zile breki zetu za fimbo zinazobana ringi, mvua ikinyesha hata mtu mmoja zinamsimamisha kwa kusali, sasa nyuma una kilo 180 zinakusukuma kwenye mteremko wa daraja. Ukipata gurudumu lenye breki ya ndani, fundi mzuri anaweza kuiacha na kuivutia kebo mpaka kwenye usukani, ila lile sahani la breki lifungwe imara kwenye fremu, lisipofungwa linazunguka na gurudumu na kukata kebo.

Spea na fundi. Bodaboda wako mpaka vijijini kwa hiyo fundi pancha hakosekani. Beringi ni za kufungwa, namba imeandikwa ubavuni, mfano 6301 ni ya ekseli ya milimita 12 na 6202 ni ya milimita 15, unaenda na namba yako dukani unarudi, hakuna kurekebisha koni wala kuhesabu gololi. Mimi ambaye huwa napoteza gololi kwenye mchanga naipenda kwa hilo peke yake.

Inamfaa nani. Anayebeba maji, mpunga, matofali, saruji, kila siku, njia mbovu, na fremu yake imepita mtihani wa nyundo. Fremu ikiwa biskuti usithubutu, utakuwa umemvalisha mgonjwa viatu vya jeshi. Na kwa anayepeleka mikate au mboga kwenye lami, kilo 40 au 50, haya magurudumu ni mateso ya bure.

Njia ya tatu: kuunda fremu upya

Gharama na muda. Ndiyo inayouma mfukoni siku ya kwanza, na usidanganywe na "kesho utachukua", weka wiki. Kinachopunguza maumivu ni kwamba siyo kila kitu kipya: magurudumu, kiungo na mbao zinaweza kuhama kutoka tela la zamani. Chuma kinauzwa kwa mche wa kama mita 6, kwa hiyo chora vipimo kwanza kabla ya kwenda, upange vipande vinavyotoka kwenye mche mmoja bila mabaki mengi. Mabaki utayaacha kwa fundi na yatakuwa tela la mtu mwingine, hiyo ndiyo hali halisi.

Mzigo na njia. Faida yake ni kwamba unarekebisha makosa yote ya lile la kwanza. Langu la zamani lilikuwa pana kuliko geti la nyumbani, miaka yote nashusha mzigo nje. Pima geti, pima njia ya shambani, ndiyo upange upana. Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati ya kasha ili mzigo uegemee mbele kidogo. Jipime hivi: pakia kawaida, inua mkono wa tela kwa mkono mmoja, usikie uzito kama wa dumu la lita 5 la maji hivi. Ukiwa mwepesi kabisa au unataka kupaa juu, tela litakuwa linainua baiskeli matako kila ukipanda tuta, na hilo ni hatari kweli.

Chuma cha engo (chenye umbo la L) cha milimita 30 kwa 30 unene wa milimita 3 ni kigumu na kutu yake unaiona mapema maana kiko wazi, skwea paipu (bomba la mraba) ni nyepesi zaidi kwa nguvu ile ile ila inaoza kwa ndani kimya kimya maji yakiingia. Ukitumia skwea paipu ziba ncha zote na toboa vitundu vya kutolea maji kwa chini. Kabla hajachomelea moja kwa moja mwambie akamatishe kwa nukta nukta, kisha pimeni kona kwa kona, ile mishazari miwili iwe sawa, na akichoma awe anaruka upande huu na upande ule, maana moto unavuta chuma na fremu inatoka imekaa kama mkeka uliolowa.

Spea na fundi. Hapa unategemea mkono wa fundi kuliko kitu kingine. Usimwangalie anavyoongea, angalia mageti na vitanda alivyotengeneza, mistari yake ya kuchomelea ikiwa kama matapishi na mashimo mashimo, pita. Fundi mzuri hatakasirika ukikaa pale unaangalia, atakupa na stuli.

Inamfaa nani. Aliyegonga bomba za chini akasikia ile sauti ya kufa sehemu zaidi ya tatu nne. Aliyebadili biashara, zamani mboga sasa saruji. Na mtu wa dagaa au chumvi ambaye fremu yake ameichomelea mpaka viraka vina viraka.

Hivi havikwepeki njia yoyote utakayochukua

Kiungo. Sijui kwanini watu wanakisahau wakati ndicho kinachobeba roho yako. Kikifungwa chini karibu na ekseli ya nyuma ya baiskeli kinatulia zaidi kuliko kikifungwa juu kwenye bomba la siti, ingawa cha juu ni rahisi kufungua. Kipande cha mpira wa tairi la gari kati ya vyuma viwili kinapunguza mshtuko na kinabadilishwa kwa bolti mbili tu. Halafu weka kamba ngumu au mnyororo wa akiba pembeni, kiungo kikikatika tela lisiende kumpiga mtu.

Rangi: redi oksaidi, ile nyekundu ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo ya kuchomelea, usisubiri umande. Mbao za sakafu ziachiane nafasi kidogo maji yapite. Watu wanapaka oili chafu kuzuia mchwa, sawa, lakini siyo kama unabeba mchele, mteja hatarudi. Ukishusha dagaa au mbolea mwagia maji tela zima. Grisi kabla ya masika na baada ya masika, na nati zikazwe kila wiki, dakika tano tu jamani. Rifrekta nyuma weka, malori hayana macho usiku.

Kwa hiyo wewe uko wapi hapo?

Kama tela limevunjika leo na kesho asubuhi wateja wa maji wanakusubiri, nenda viraka, lakini ongezea ule ushiko wa pili wa ekseli na ubadili gololi zote hapo hapo usirudi wiki ijayo. Kama fremu inalia ting na kila mwezi unabadili spoku au ekseli, hela yako inaenda kwenye magurudumu, kwa hiyo tafuta ya pikipiki, na kabla hujapakia zaidi ya zamani shughulikia breki na kiungo. Kama una mizigo myepesi na lami, baki na magurudumu ya baiskeli hata ukiunda fremu mpya.

Kama chini kumeoza na hela haipo, usilazimishe vyote siku moja. Mimi nilivyofanya ni hivi: nilifunga viraka vya bolti nikapunguza mzigo nusu mpaka mavuno, nikanunua magurudumu ya pikipiki ya mtumba taratibu moja moja nikayaweka chini ya kitanda, mke wangu akawa anauliza hii gereji itahama lini, halafu mpunga ulipouzwa nikaunda fremu nikayavalisha. Na kama kijijini kwako fundi wa kuchomelea yuko mbali siku nzima, unda au karabati kwa bolti zaidi kuliko kuchomelea, hasa masikio ya ekseli na kiungo, ili vikichoka uvibadili mwenyewe nyumbani na spana namba 17.